Mnofu wa Nguruwe Hujengwa Horini

Mwezi huu twataka kujifunza habari za mnyama ambaye wengi humfuga na wengi humla, ila wamjuao sawasawa ni wachache, naye ni nguruwe. Twajua kwamba si kila jirani yetu alaye nyama hii. Waislamu hawaili, Wasabato hawaili, na mtu mwenye adabu huliweka banda lake mbali na dirisha la jirani. Lakini katika Bukoba na Muleba ziko nyumba nyingi zilizolipa karo ya shule na kununua bati za paa kwa fedha ya nguruwe mmoja au wawili waliofugwa nyuma ya migomba. Kwa ajili hiyo somo hili si dogo, nasi twaomba lisomwe polepole.

Neno lililotusukuma kuandika ni hili. Mtu akipita sokoni Kashai, au akiketi jioni penye kitimoto, husikia watu wakibishana. Nyama ikiwa nyekundu na imeshikamana, husema, "Huyu alilishwa vema." Lakini ikiwa nyeupe, tepetepe, yenye kutoa maji kikaangoni mpaka ikapungua, husema, "Huyu alichomwa sindano ya homoni." Naye kijana mfugaji akiyasikia maneno hayo mara nyingi, huanza kujiuliza moyoni: Je, iko kweli sindano hiyo? Huuzwa wapi? Nami nikiipata, nguruwe wangu hatakua kwa miezi michache badala ya minane?

Jibu letu twalitoa mwanzo, kisha tutalieleza. Kila nguruwe anayo homoni ya kukua mwilini mwake tangu siku alipozaliwa. Anayokosa nguruwe wetu si homoni, bali chakula cha kuifanyia kazi. Na ile nyama nyeupe yenye maji, mara nyingi kosa lake halikutoka katika sindano, bali latoka mahali pengine ambapo watu hawapatazami. Mahali hapo tutapaonyesha karibu na mwisho.

1. Mnofu ni kitu gani?

Ukichemsha nyama na kuichambua kwa vidole, utaona imefanywa kwa nyuzi nyingi nyembamba, zilizolala pamoja kama nyuzi za gome la mgomba. Nyuzi hizo ndizo misuli, ndizo zimwezeshazo mnyama kusimama, kutembea na kufukua. Wenye elimu wamezihesabu, nao wameona jambo la ajabu: idadi ya nyuzi za nguruwe hukamilika karibu yote kabla hajazaliwa. Nguruwe jike huchukua mimba siku 114, yaani miezi 3, wiki 3 na siku 3. Ifikapo kama siku ya 90, hesabu ya nyuzi za watoto wake imekwisha kufungwa. Baada ya kuzaliwa nyuzi haziongezeki idadi, ila huongezeka unene na urefu.

Hapa tayari tunalo fundisho. Mtoto aliyebanwa tumboni akazaliwa mdogo kuliko wenzake huwa na nyuzi chache. Akilishwa sana baadaye, nyuzi zake hujaa upesi, na chakula kinachobaki hugeuka mafuta. Basi mtu anunuaye kitoto dhaifu kwa sababu bei yake ni rahisi, hajapata rahisi. Na mtu amwachaye jike mwenye mimba ale maganda matupu, akisema atamlisha vizuri akishazaa, amechelewa. Nyumba imekwisha kupimwa msingi, nao ni mwembamba.

Jambo la pili: mwili hujengwa kwa zamu. Mifupa hutangulia, mnofu hufuata, mafuta huja mwisho. Nguruwe kijana akipata chakula chema hujenga mnofu. Akizidi kukua, mafuta hupata nafasi kubwa kuliko mnofu. Kwa hiyo chakula kilichokosekana katika miezi ya ujana hakilipwi kikamilifu katika miezi ya uzee.

2. Homoni ni mjumbe, si matofali

Sasa tuitazame homoni yenyewe. Chini ya ubongo wa nguruwe, kama wa mwanadamu, iko tezi ndogo mfano wa punje ya kunde. Tezi hiyo humimina katika damu kitu kiitwacho homoni ya kukua. Homoni si chakula wala nguvu, ni mjumbe. Hupita katika damu mpaka penye ini, na ini likipokea habari hutoa mjumbe wa pili, ambaye huziambia nyuzi za misuli, "Kueni." Tena huyaambia mafuta, "Punguzeni kujiwekea akiba."

Lakini angalieni: ini halimtumi mjumbe wa pili ovyo. Hutazama kwanza ghala. Mnyama akiwa na njaa, au akila chakula kisicho na protini, tezi hutoa homoni, hata pengine kuzidi desturi, ila ini hunyamaza. Ndivyo mwili unavyojilinda, usianze kujenga pasipo vifaa. Wazee wetu walijua kujenga msonge. Mwenye nyumba angeweza kuwaita mafundi kumi na kuwahimiza tangu asubuhi. Kama miti na nyasi hazijaletwa, jioni angekuta mafundi wameketi na uwanja ni mtupu. Homoni ni sauti ya mwenye nyumba. Protini ndiyo miti na nyasi.

3. Majaribio yaliyofanywa katika nchi nyingine

Mwaka 1921 wataalamu wawili wa California, Marekani, Herbert Evans na Joseph Long, waliwachoma panya maji yaliyokamuliwa katika tezi ile, na panya wakakua kupita kipimo cha panya. Mwaka 1944 Evans na mwenzake Choh Hao Li walifaulu kuitenga homoni yenyewe kutoka tezi za ng'ombe. Mwaka 1972 Lawrence Machlin alitangaza matokeo ya kuwachoma nguruwe homoni ya nguruwe. Baadaye, katika miaka ya 1980, ikawezekana kuitengeneza homoni hiyo kwa wingi kwa kutumia vijidudu vya bakteria, na majaribio yakawa mengi.

Waliona nini? Nguruwe waliochomwa walikula chakula kichache zaidi, wakaongeza mnofu, na mafuta yao ya mgongoni yakapungua sana. Mtu akisikia hayo tu atasema, "Basi, ndiyo hiyo niitakayo." Lakini na asikilize mpaka mwisho. Kwanza, sindano ilitolewa karibu kila siku, kwa wiki nyingi. Pili, nguruwe aliyechomwa alihitaji chakula chenye protini nyingi kuliko mwenzake. Alipopewa chakula hafifu, faida ya mnofu ilipotea. Tatu, katika majaribio mengine mafuta membamba yaliyomo ndani ya mnofu, yale yaletayo utamu na ulaini, yalipungua, na nyama ikawa ngumu kidogo.

Liko na jambo la nne, ambalo kila mfugaji alishike kwa nguvu. Homoni ya kukua ni aina ya protini. Ikiingia kinywani huyeyushwa tumboni kama dagaa na maharage, wala haifiki katika damu ikiwa nzima. Ndiyo maana walitumia sindano. Basi mtu akikuletea unga wa kuchanganya na pumba, akasema ni homoni ya kukua, ujue ya kwamba ama hajui auzacho, ama anakudanganya. Ziko homoni za namna nyingine zipitazo tumboni bila kuharibika, kama zile za vidonge vya uzazi wa mpango. Lakini hizo ni dawa za watu, zenye daktari na kipimo, wala hazikuwekwa kwa ajili ya hori.

Mataifa hayakupatana katika mambo haya. Australia iliikubali sindano ya homoni kwa nguruwe katika miaka ya 1990. Marekani haikuiruhusu kwa nguruwe. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikataza homoni za kunenepesha mifugo tangu mwaka 1988. Iko na dawa nyingine, raktopamini, ambayo si homoni ila huigiza kazi ya mjumbe mwingine wa mwili, nayo huchanganywa na chakula. Marekani iliiruhusu kwa nguruwe mwaka 1999, Ulaya na China wakaikataza. Mwaka 2012 tume ya kimataifa ya viwango vya chakula ilipopiga kura kuhusu mabaki yake katika nyama, waliokubali walikuwa 69 na waliokataa 67. Ikiwa wakubwa wenye maabara na mizani wametofautiana kwa kura 2, yafaa sisi wenye banda la mabanzi tusikimbilie chupa tusiyoweza kuisoma.

4. Homoni ambayo mfugaji huishika kwa mkono wake

Hata hivyo iko homoni moja ambayo wafugaji wetu wameishughulikia tangu zamani pasipo kuijua jina. Dume asiyehasiwa ana homoni za kiume zitokazo katika kokwa. Homoni hizo humjengea mnofu mwingi na mafuta machache. Ukiwapima watatu waliolishwa sawasawa, dume mzima huwa na mnofu kuwazidi wote, jike hufuata, na aliyehasiwa huwa na mafuta kuwazidi.

Mbona basi twahasi? Kwa sababu ya harufu. Dume akikaribia kubalehe, kokwa hutoa kitu kinachojiweka katika mafuta yake, nacho kikipata moto wa kikaango hunuka kama mkojo. Kitu cha pili chenye kunuka mfano wa mavi hutoka katika matumbo, nacho huzidi nguruwe akilala katika uchafu. Mteja aliyekutana na harufu hiyo mara moja harudi tena.

Basi kuhasi ni vema, nako kufanywe mapema, kabla mtoto hajatimiza wiki 2, kwa wembe safi na mkono wa mtu ajuaye. Bwana mifugo aitwe. Lakini tukumbuke gharama yake. Aliyehasiwa hula sana na kunenepa upesi. Katika miezi 2 ya mwisho asimwagiwe chakula bila kipimo, maana kila kinachozidi hakiendi katika mnofu, chaenda mgongoni. Na banda likaushwe, usafi nao ni sehemu ya ladha.

5. Chakula cha Kashai

Tuje sasa horini. Tuseme wako ndugu wawili, kila mmoja amenunua kitoto kimoja siku moja, wa tumbo moja. Wa kwanza humpa nguruwe wake maganda ya ndizi, machicha ya rubisi na majani, ndoo imejaa asubuhi na jioni. Wa pili humpa maganda hayo hayo, ila nusu ndoo, pamoja na pumba iliyochanganywa na dagaa. Baada ya miezi 7 wa kwanza ana nguruwe mwenye tumbo kubwa, miguu myembamba na mgongo uliochongoka. Wa pili ana nguruwe mwenye mapaja. Wa kwanza husema, "Wake alichomwa." La, hakuchomwa. Alilishwa protini.

Protini hufanywa kwa vipande vingi vidogo, na kila kipande kina jina. Kile ambacho nguruwe wetu hukikosa kwanza huitwa laisini. Mfano wake ni mwanamke atungaye ushanga: nyekundu moja, nyeupe mbili, nyekundu moja, nyeupe mbili. Zikiisha nyekundu, ushanga umekoma, hata kama nyeupe zimejaa kikapu. Pumba ya mahindi ina nyeupe nyingi na nyekundu chache. Dagaa na soya zina nyekundu za kutosha. Shanga zisizotungwa mwili hauziweki. Sehemu hutoka katika mkojo, ndiyo huzidisha ukali wa harufu ya banda, na sehemu iliyobaki hugeuka mafuta.

Vipimo ni hivi. Mtoto aliyeachishwa kunyonya ahitaji chakula chenye protini sehemu 18 hadi 20 katika mia. Kijana anayekua, kama 16. Mkubwa anayekaribia kuuzwa, 13 au 14. Tufanye hesabu. Pumba nzuri ya mahindi ina protini kama 10 katika mia, na dagaa wakavu wasio na mchanga wana zaidi ya 50. Ukichanganya kilo 9 za pumba na kilo 1 ya dagaa, umepata kama 14 katika mia. Ukichanganya kilo 10 za pumba na kilo 2 za dagaa, umepata kama 17. Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya, nayo yafaa kuliko chupa yoyote ya mchuuzi.

Na yaangaliwe haya yafuatayo. Dagaa walioanikwa mchangani huuzwa pamoja na mchanga. Waoshe kidogo katika kiganja kabla ya kununua, uone unanunua nini. Soya mbichi isitolewe, maana ina kitu kinachozuia tumbo kuyeyusha protini. Ikaangwe au ichemshwe. Mihogo michungu ina sumu. Ikatwekatwe na kukaushwa, au ichemshwe. Majani ya viazi vitamu ni mazuri, nayo yana protini kuliko maganda. Maganda ya ndizi hayadharauliwi, kwa kuwa yanashibisha na hayana bei, ila ndani yake maji ni mengi na protini ni haba. Yawe kitoweo, yasiwe ugali. Makombo ya hoteli yachemshwe sana, na yaliyochanganyika na nyama ya nguruwe yasitolewe kabisa, maana kwa njia hiyo homa ya nguruwe huingia bandani. Maji safi yawepo mchana na usiku, asiyekunywa hali.

6. Mafuta hufuata chakula

Ng'ombe wetu wenye pembe ndefu hula nyasi, na tumbo lao la kwanza hugeuza mafuta ya chakula kabla hayajaingia mwilini. Nguruwe hana tumbo hilo. Mafuta alayo huenda karibu kama yalivyo mpaka chini ya ngozi yake. Akila sana vitu vyenye mafuta laini, kama mashudu ya alizeti yaliyobaki na mafuta mengi, mafuta yake nayo huwa laini, hayashikamani, huteleza kisuni na kuchacha upesi. Akila dagaa au mapanki ya sangara mpaka siku ya kuchinjwa, nyama yake hunuka samaki. Mteja wa Kashai anayapenda mazao ya ziwa, lakini huyapenda katika sahani yake mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi. Katika wiki 4 za mwisho dagaa waondolewe, na protini itokane na soya iliyokaangwa au mashudu yaliyokamuliwa vema, kwa kiasi. Pumba, viazi na mihogo huleta mafuta meupe yenye kushikamana. Hivi mfugaji huchagua ladha ya nyama yake mwezi mzima kabla ya kisu.

7. Dawa zisizo chakula

Sasa twafika penye jambo zito. Tuliposema kwamba watu hutafuta sindano na unga, hatukusema hadithi. Mnamo Septemba mwaka 2023, katika kamati ya Bunge la Uganda, maofisa wa mamlaka ya dawa ya nchi hiyo walieleza kwamba dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zimekuwa zikipewa nguruwe na kuku, na kwamba jambo hilo lilijulikana tangu mwaka 2014. Wafugaji waliamini kuwa dawa hizo hutibu homa ya nguruwe na kunenepesha. Mutukula, penye mpaka, si mbali nasi, na habari za biashara huvuka mpaka kuliko mizigo.

Homa ya nguruwe ya Afrika iliandikwa kwa mara ya kwanza na Montgomery huko Kenya mwaka 1921, na hata leo haina dawa ya kuitibu. Kinga yake ni banda lililofungwa, makombo yaliyochemshwa, na mgeni asiyeingia na viatu vya banda lingine. Ampaye nguruwe vidonge hivyo hakumponya, na hakumjengea mnofu.

Lakini amefanya mabaya matatu. Amemnyima mgonjwa kidonge chake. Ameweka mabaki ya dawa katika nyama atakayokula mtu asiyejua. Na wataalamu wahofia kwamba mtu mwenye virusi, akipokea dawa kidogo kidogo bila kujua, virusi vyake hujifunza kuishinda dawa. Na siku aihitajipo, haimsaidii.

Sisi wa Kagera yatupasa kuwa wa kwanza kulielewa neno hili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu. Twakumbuka vibanja vilivyobaki na bibi na wajukuu. Twakumbuka miaka ya kuzika kila wiki. Kuanzia mwaka 2004 dawa zikaanza kutolewa bure nchini, na watu waliokuwa wakingojea kufa wakainuka, wakalima, wakalea watoto wao. Kidonge hicho ndicho kilichofunga mlango wa makaburi. Kukisaga ndani ya pumba ili nguruwe aongezeke kilo tatu ni kuufungua tena.

Na kwa dawa nyingine zilizo halali, kama za kuua vijidudu na minyoo, sheria ni moja: zitolewe kwa ugonjwa, si kwa kunenepesha, na siku za kungoja zilizoandikwa chupani zitimizwe kabla ya kuchinja. Bei ikipanda ghafula katika siku hizo, mfugaji na avumilie. Anayekula ni mtoto wa mtu.

8. Siku ya kuchinja

Sasa turudi kwenye mabishano ya sokoni. Nyama ile nyeupe, laini, yenye maji, imetoka wapi?

Ndani ya mnofu imo akiba ya sukari. Mnyama akifa, sukari hiyo hugeuka polepole kuwa asidi. Katika nguruwe aliyetulia, kipimo cha asidi hushuka kutoka kama 7 mpaka kama 5.6 kwa muda wa siku moja, na nyama hupoa huku ikibadilika. Ndipo huwa nyekundu kiasi, imeshikamana, na maji yake yamo ndani. Lakini nguruwe akiwa amefungwa miguu, amelazwa nyuma ya pikipiki, amepita juani akipiga kelele, kisha akachinjwa papo hapo, mnofu wake huwaka moto. Asidi hutoka yote kwa muda mfupi nyama ikingali na joto. Nyuzi hupoteza nguvu ya kushika maji. Ndiyo nyama nyeupe tepetepe. Haikuchomwa sindano, iliogopeshwa.

Kinyume chake nacho kipo. Nguruwe aliyeteswa siku nzima kwa njaa, safari na kupigana na wageni bandani, huimaliza sukari kabla ya kisu. Asidi haitoki ya kutosha, na nyama huwa nyeusi, ngumu, kavu, nayo huoza upesi.

Basi mfugaji aliyefanya kazi miezi 7 aweza kuipoteza kwa saa moja. Chakula kizuiwe kama saa 12 kabla ya kuchinja, maji yasizuiwe. Asafirishwe asubuhi na mapema au jioni, amesimama au amelala katika kreti, asining'inizwe. Apumzike mahali penye kivuli, tena na wenzake aliowazoea. Achinjwe upesi pasipo kelele, na nyama itundikwe mahali penye hewa baridi.

Na jambo moja la mwisho: nyama ikaguliwe na mkaguzi. Nguruwe aliyezurura na kula kinyesi cha watu huwa na malengelenge ya tegu katika mnofu, na hakuna chakula wala homoni iwezayo kuyaondoa. Nguruwe afungwe bandani, watu wawe na choo, na nyama iive mpaka ndani.

9. Mwisho wa somo

Wapenzi wasomaji, tulianza na kijana aliyekuwa akitafuta sindano. Tukimpata, tumwambie hivi: Ndugu, mjumbe unayemtafuta yumo tayari ndani ya nguruwe wako, naye huamka kila siku akitaka kazi. Mpelekee vifaa. Mlishe jike mwenye mimba. Nunua dagaa wasio na mchanga, pima kwa mizani, kausha banda, hasi mapema, badili chakula wiki 4 kabla, msafirishe kwa upole. Hapo nyama yako itajisifu yenyewe kikaangoni, na mtu wa sokoni hatauliza ulimchoma nini. Atakuuliza una mwingine lini.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Nyuzi za mnofu wa nguruwe hukamilika idadi lini? Hilo latufundisha nini juu ya jike mwenye mimba?
2. Kwa nini homoni ya kukua haifai kitu ikichanganywa na pumba?
3. Kwa nini nguruwe aliyehasiwa apimiwe chakula katika miezi ya mwisho?
4. Una kilo 18 za pumba na kilo 2 za dagaa. Protini ni kama ngapi katika mia, na chakula hiki chamfaa nguruwe wa umri gani?
5. Ni mabaya gani matatu yatokeayo mtu akiwapa nguruwe dawa za wagonjwa?
6. Ukiona nyama nyeupe yenye maji sokoni, utamwelezaje jirani sababu yake?